Miche Thelathini na Miwili

Habari ya kufutwa kwa mradi ililetwa na bwana mmoja kutoka wilayani, aliyepanda juu ya dawati la shule akasoma karatasi kwa dakika nne. Wawekezaji wamejitoa. Makaa ya mawe hayatakiwi tena huko zilikokuwa zikitarajiwa fedha. Mtambo wa umeme hautajengwa Murubanga, na wananchi warudi kwenye shughuli zao kama kawaida. Alipomaliza akakunja karatasi, akashuka, akaulizia choo kiko wapi.

Kama kawaida! Watu wakatazamana. Miaka minne wamekatazwa kupanda mti wa kudumu. Miaka minne wamekatazwa hata kubadili bati lililotoboka, maana nyumba imeshafanyiwa tathmini na ukutani ina alama nyekundu. Leo wanaambiwa kama kawaida, utafikiri mtu alipita tu njiani akawasalimu.

Paskazia alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Hakumtazama yule bwana wa karatasi hata mara moja. Alikuwa anamtazama Gharibu, mwenyekiti wa kitongoji, aliyeketi pembeni na kofia yake mapajani akiigeuzageuza. Gharibu ndiye aliyewazungusha wapima ardhi mashambani, akiwaonyesha huyu anaishia hapa, yule anaanzia pale. Paskazia alipong'oa bikoni, kile kiguzo cha mpaka cha wapima, iliyochomekwa katikati ya migomba yake, Gharibu ndiye aliyepeleka jina lake polisi, naye Paskazia akalala mahabusu Kasulu siku tisa. Na aliporudi, Gharibu huyohuyo alimwita Mama Bikoni mbele ya watu dukani, na jina likashika. Wanawake waliotaka waume zao wapate kazi ya ulinzi kwenye mtambo walimwita hivyo hata kanisani.

Hayo yote yalikuwa yake mwenyewe, na angeweza kuyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa la Bibi Benita.

Bibi Benita alikuwa jirani, mjane, umri wa mama yake. Paskazia alipofungwa, yule mama alifunga nyumba yake, akahamia kwa mpwa wake mjini Kasulu, na kila siku alipika ugali na maharage akampelekea mahabusu. Siku tisa hakukosa hata moja. Siku ya saba, greda la kufungua barabara ya mradi likafika Murubanga. Dereva akauliza, hapa kuna mwenyewe? Gharibu akajibu kuwa mwenyewe hayupo, na hapo ni pori tu. Shamba la migomba la Bibi Benita, lililolea watoto watano, likalazwa chini asubuhi moja. Yakabaki mashina matatu nyuma ya jiko. Kwenye fomu za fidia liliandikwa pori, na hata hiyo fidia ya pori haikulipwa.

Mkutano ulipovunjika, wanawake walipiga vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Mama Bikoni ameshinda!" Sasa limekuwa jina la sifa. Paskazia akapita makusudi mbele ya Gharibu.

"Mwenyekiti, vipi vile vyumba vyako? Wapangaji wanahamia lini?"

Watu wakaangua kicheko. Gharibu alikuwa amefyeka migomba yake mwenyewe, kwa hiari yake, akaanza kujenga vyumba vinane vya kuwapangisha wafanyakazi wa mtambo. Kuta ziliishia kwenye madirisha.

"Mama Elie," Gharibu alimwambia Paskazia kwa sauti ya chini, "nitakuja kwako."

"Karibu sana. Njoo na greda."

Kicheko kile kilimtosha Paskazia siku mbili. Ya tatu aliamka na hasira yake palepale ilipokuwa.

*

Gharibu alikuja kweli, asubuhi, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku kucha. Alimkuta Paskazia uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mwakeye, mama," alimsalimu.

"Ego," aliitikia salamu bila kuinua uso. Kigoda kilikuwa karibu na mguu wake. Hakukisogeza. Alimwacha mtu mzima na ndevu zake asimame uani, kuku wakipita katikati ya miguu yake, mpaka alipomaliza kuchambua nusu ya ungo. Ndipo akasema, "Kaa basi. Au umezoea kusimama juu ya watu?"

Gharibu akakaa. Alikuwa amepungua. Shati lilimlegea mabegani.

"Nimekuja kuomba miche."

Paskazia akaacha kuchambua. Murubanga mche wa mgomba hauuzwi, wala haunyimwi mtu, hata uwe na kesi naye. Mwombaji hasemi anakwenda kuupanda wapi, na mtoaji haulizi, maana ukiulizwa njia utaozea shimoni. Wala haushukuriwi. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyofanya, na hakuna aliyewahi kuthubutu kujaribu vinginevyo. Angemnyima Gharibu, kitongoji kizima kingehamia upande wa Gharibu kabla ya jua kuzama. Mtu yule alijua hivyo, Paskazia aliwaza, ndiyo maana kaja kifua mbele.

Kifua mbele hakikuwepo, lakini hasira huona inachotaka.

"Mingapi?"

"Thelathini na miwili, ukiweza."

Akahesabu kichwani. Kiwanja cha Gharibu kando ya vile vyumba, mistari minne, mashimo manane kila mstari. Inaingia sawasawa. Kumbe mwenyekiti ameona wapangaji hawaji, sasa anarudia migomba, tena kwa miche ya mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemlaza mahabusu! Uso hana huyu, hana kabisa. Hapohapo wazo likamjia. Lilimjia kamili, na akalipenda.

"Njoo kesho," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akamtabasamia. "Nitakuchimbia mwenyewe kwa mkono wangu."

*

Shamba la Paskazia lilishuka kutoka nyumbani mpaka bondeni. La juu lilikuwa zima, la kujivunia. Kule bondeni, mashina saba yalikuwa na mnyauko. Ulianza kiangazi kilichopita: jani linapinda na kuwa njano wakati udongo wa bondeni haujakauka, ndizi zinaiva kabla ya kujaa, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Bwana shamba wa kata alikuja akatazama, akasikitika. Ng'oa yote, alisema. Fukia. Usipande mgomba hapo miezi sita. Panga likishagusa hapa, lipitishe motoni kabla halijagusa pengine. Na usimpe mtu mche wa hapa hata kama ni mbichi, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa ndani na usiuone.

Paskazia alikuwa amepanga kuyang'oa wiki hiyohiyo. Sasa aliinama katikati ya mashina yale saba akichagua miche mizuri, minene, yenye majani ya kijani, ambayo hata mzee aliyezaliwa migombani angeibeba kwa furaha.

Mumewe Stanislaus, fundi baiskeli, alishuka kumtafuta kwa ajili ya chai. Akasimama juu ya mtaro.

"Mama Elie, mbona huku? Yale ya juu ndiyo mazima."

"Nachimba ya mwenyekiti."

Stanislaus akashuka hatua moja. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini akifika anakuwa amefika.

"Ana watoto yule," alisema.

"Na Bibi Benita hana? Kala nini miaka minne hii? Kala pori?"

"Sisemi hivyo."

"Unasema nini? Ulikuja kuniona mahabusu mara ngapi, Stani? Mara mbili! Yule mama alikuja siku tisa. Sasa nenda kanywe chai yako."

"Mashina yako yakijulikana yana ugonjwa..."

"Yatajulikana kwa nani? Wewe umeona nini?"

Stanislaus akatazama miche iliyopangwa kwenye majani, akatazama mke wake, matope mpaka magotini. "Mimi sijaona kitu," akasema, akapanda kilima kurudi kwenye baiskeli zake. Hilo nalo alipaswa kulijibu siku moja, ila leo si habari yake.

Gharibu alifika na baiskeli, akafunga miche kumi na sita, akapeleka, akarudia kumi na sita mingine. Safari ya pili, kamba zimeshakazwa, akasita, mkono kwenye usukani.

"Mama Elie, mimi nilitaka nikwambie kwamba..."

"Usiseme kitu!" Paskazia alimkata. "Unataka kuiozesha?"

Gharibu akainamisha kichwa, akasukuma baiskeli. Paskazia alirudi jikoni, akapitisha panga motoni mara tatu, kila upande, mpaka mpini ukamchoma. Moyo wake ulikuwa mweupe. Tangu atoke mahabusu hakuwahi kujisikia vizuri namna ile.

*

Kesho yake simu ikapigwa kutoka Kibondo. Binti yao alikuwa amejifungua kwa operesheni, anahitaji mtu. Paskazia alikaa huko wiki mbili. Aliogesha mtoto, alipika uji, alimkanda binti yake mgongo. Na mtoto anapolala, nyumba imetulia, aliwaza majani ya Gharibu. Yatakuwa yameanza kupinda? Bado. Miezi miwili, labda mitatu. Kwanza mche mmoja, Gharibu atadhani ni jua. Halafu mstari mzima. Atakimbia kwa bwana shamba, bwana shamba atamwambia ng'oa, fukia, subiri. Naye atasimama katikati ya kiwanja chake kitupu, ajue inavyokuwa. Paskazia alilala usingizi mzuri Kibondo.

Siku ya kurudi alishuka basi Kasulu mchana, akachukua bodaboda. Walipoingia Murubanga akamwambia dereva apite njia ya kwa mwenyekiti.

"Si unakaa kule juu, mama?"

"Pita huko nilikokwambia."

Alitaka kuiona tu. Ayashibishe macho, basi, halafu aende nyumbani akapumzike.

Vile vyumba vinane vilikuwa pale, bila paa, na mbuzi wawili wamelala kwenye chumba cha tatu. Kiwanja cha pembeni kilikuwa majani matupu. Hakukuwa na mstari wala shimo hata moja. Zuhra, mke wa Gharibu, alikuwa anasugua sufuria mlangoni.

"Mwidiwe, Mama Elie! Karibu. Binti hajambo?"

"Hajambo. Migomba iko wapi?"

"Migomba gani?"

"Miche aliyochukua mwenyekiti kwangu!"

Zuhra akatazama huku na huku, akasogea. "Mwenyewe hataki watu waongee. Alipeleka kwa Bibi Benita. Toka mkutano ule hali wala halali, anasema ile ni dhambi yake, yeye ndiye aliyeliita shamba la mjane pori. Kachimba mashimo peke yake siku tatu. Mpaka sasa kila jioni yuko kule, anampalilia." Akacheka kidogo. "Huku kwangu hata mche mmoja hajaniletea... Mama Elie? Unaumwa?"

Paskazia alikuwa ameshageuka. Begi lake lilibaki chini, dereva wa bodaboda akalichukua akimfuata na kumwita, mama, mama, mzigo wako.

*

Nyumba ya Bibi Benita ilikuwa ng'ambo ya barabara ya greda. Miche ilikuwa imesimama mistari minne, minane minane, imefunikwa nyasi shinani, na katikati maharage yameanza kuchungulia. Kazi safi. Nyuma ya jiko, Gharibu alikuwa anapunguza majani makavu ya yale mashina matatu ya zamani. Panga lilikuwa mkononi mwake.

Bibi Benita alikuwa kwenye mkeka anamenya muhogo. Alipomwona Paskazia akaupiga mkeka kwa kiganja.

"Mwanangu! Umerudi! Kazaa nini, wa kike? Njoo, kaa hapa uone maajabu. Huyu mtu kanipigia magoti, pale, na ukubwa wake wote! Nikamwambia magoti yako nitayala? Nirudishie migomba yangu. Na karudisha! Nahesabu kila asubuhi. Thelathini na miwili!"

"Panga hilo," Paskazia alisema. Alikuwa anamwambia Gharibu. "Ulikatia miche mizizi kwa panga hilo?"

"Ndiyo."

"Na hayo mashina umeanza kuyakata lini?"

"Toka nilipopanda. Kila baada ya siku mbili. Kwani vipi?"

Paskazia akaenda mstari wa kwanza. Mche wa tano, jani la katikati lilikuwa limeanza kuwa njano ukingoni, kidogo sana. Mtu asiyejua asingeliona. Aliweza kuondoka. Aliweza kukaa mkekani, akamenya muhogo, akasubiri miezi mitatu, na lawama zote zingemwangukia Gharibu. Nani asingeamini? Kaharibu mara ya kwanza, kaharibu mara ya pili. Wazo hilo lilimpitia, tena halikupita haraka.

Akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaupiga mche wa tano.

"We!" Bibi Benita akapiga kelele. "Paskazia! Una wazimu? Unang'oa migomba yangu!"

Gharibu akamrukia, akamshika jembe. "Mama Elie, kama ni hasira zako na mimi, nipige mimi. Huyu mama kakosa nini?"

"Ina mnyauko!" Paskazia akamfokea usoni. "Yote! Nimekupa ya bondeni, ya ugonjwa. Nilikupa wewe, mpumbavu wewe, ukapande kwako!"

Gharibu akaachia jembe. Akatazama panga mkononi mwake, halafu mashina matatu nyuma ya jiko, na wote wawili wakajua hayo nayo yameisha. Paskazia alisubiri amtukane. Alitamani amtukane. Badala yake, Gharibu akaenda kwenye mstari wa nne, akashika mche kwa mikono miwili, akaanza kuutikisa utoke.

"Acha!" Paskazia alilia. "Usinisaidie! Toka hapo!"

"Tukiwa wawili tutamaliza mapema."

"Sitaki kumaliza na wewe!"

Bibi Benita alikuwa amesimama. Kisu cha muhogo kilikuwa bado mkononi.

"Ulijua?" akauliza.

"Bibi, mimi nilidhani..."

"Sijakuuliza ulidhani nini. Wakati unachimba, ulijua ina ugonjwa?"

"Nilijua."

Yule mama akatikisa kichwa mara moja. "Na hapa patakaa muda gani bila mgomba?"

"Miezi sita, Bibi. Bwana shamba anasema miezi sita. Halafu nitakupa ya juu, iliyo mizima, nitakuchimbia mimi..."

"Nina miaka sabini na tisa," Bibi Benita alisema. "Gharibu, mwache. Atachimba peke yake."

Gharibu akasogea pembeni. Paskazia akavua kitenge cha safari, akakifunga kiunoni, akachimba. Mvua ya jioni ilikuja ikamkuta kwenye mstari wa pili, na hakuna aliyemwambia aingie ndani. Watu wa jirani walikuja wakasimama barabarani, wakaulizana, wakaambiana. Alimsikia mmoja akisema Mama Bikoni, wala si kwa sifa tena. Alichimba miche yote thelathini na miwili, akaja kwenye yale mashina matatu, akayaangusha, akayakata vipande, akachimba shimo refu, akafukia. Bibi Benita alitazama mpaka bonge la mwisho la udongo. Halafu akaokota mkeka wake, akapita katikati yao kana kwamba ni wapita njia tu, akaingia ndani, na komeo likasikika.

Wakabaki wawili uani, wamelowa. Paskazia alilichukua panga la Gharibu, akalisafisha kwa nyasi, akamrudishia.

"Lipitishe motoni," alisema.

Gharibu akalipokea. Hakuondoka.

"Nikuulize kitu, Mama Elie. Ningeipanda kwangu, ungekuja kuniambia?"

"La."

"Hata watoto wangu wakilala njaa?"

Paskazia alimtazama mtu yule, ndevu zinamchuruzika maji, mtu aliyesema pori. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imechubuka mpaka hawezi kukunja vidole. Alitafuta huruma ndani yake, akaitafuta kwa haki kabisa, hakuiona.

"Ningekuja," alisema. "Ningekuja kila wiki, nikae pale barabarani, niangalie."

Akaokota begi lake kwenye matope, pale dereva wa bodaboda alipoliacha, akavuka barabara ya greda kwenda nyumbani.